Konzi Moja ya Majani Ni Kiasi Gani?

Maelekezo ya dawa ya mitishamba nyumbani huwa mafupi, na karibu yote hufanana. Chuma konzi moja ya majani ya mwarobaini, yaoshe, yachemshe mpaka maji yabadilike rangi, chuja, kunywa kikombe kimoja kutwa mara tatu. Anayeelekeza huwa ni mtu wa kuaminika, mama mkwe, jirani au mzee wa mtaa, na hana sababu ya kudanganya. Mara nyingi yeye mwenyewe aliwahi kuitumia akapona. Hata hivyo, maelekezo hayo yanaacha mengi bila jibu. Konzi ya nani: ya mtoto wa miaka kumi aliyetumwa kuchuma, au ya fundi seremala? Majani machanga ya ncha za matawi, au yaliyokomaa? Maji lita ngapi, na yachemke dakika tano au nusu saa? Kikombe kipi, cha kahawa au kile kikubwa cha bati? Na huyo anayekunywa ana uzito gani, ana mimba au hana, na asubuhi alimeza vidonge gani?

Mjadala wa mitishamba umezoea kugawanyika pande mbili. Wapo wanaoiona kuwa mabaki ya ujinga wa kale, na wapo wanaoiona kuwa zawadi ya asili isiyoweza kumdhuru mtu. Pande zote mbili hubishania swali lisilo na jibu, yaani kama mitishamba inatibu au haitibu, ambalo ni sawa na kuuliza kama vidonge vinatibu. Kidonge kipi, kwa ugonjwa upi, kwa kiasi gani, na kwa mgonjwa gani? Nia ya makala haya ni kuyatenganisha maswali hayo, kwa kutumia majani na viungo ambavyo karibu kila nyumba ya Afrika Mashariki inavyo jikoni au uani.

Kiswahili chenyewe kimekuwa kikituonya siku zote. Tuna dawa ya kikohozi na dawa ya meno, na kwa neno hilo hilo tuna dawa ya mbu na dawa ya panya. Neno moja linabeba kinachoponya na kinachoua, na hakuna mzungumzaji anayeona ajabu, kwa kuwa anajua kwamba tofauti iko katika kitu chenyewe, kiasi chake na anayepewa.

Kilichomo ndani ya jani

Mmea hauwezi kukimbia. Mbuzi akija, viwavi wakija, ukungu ukiota juu ya gome, mmea hubaki pale ulipoota, na ulinzi wake ni kemikali unazozitengeneza wenyewe: nyingine chungu, nyingine zenye harufu kali, nyingine sumu kabisa. Zinapotufaa ndipo tunaziita dawa. Mwarobaini hauna uchungu kwa ajili ya homa ya binadamu. Una uchungu ili wadudu wasiumalize, na ndiyo maana wakulima wengi hutwanga mbegu zake, wakaloweka, wakanyunyizia mboga. Mkulima huyo anafahamu jambo ambalo mgonjwa hulisahau, kwamba mbegu na jani si kitu kimoja. Kiambata kinachofukuza wadudu kimejaa zaidi kwenye mbegu. Kwa jumla, kiasi cha kemikali katika mmea hubadilika kwa sehemu iliyochumwa, umri wake, msimu na udongo, kiasi kwamba konzi mbili za mti mmoja zinaweza zisilingane nguvu.

Namna ya kuandaa nayo hubadili mambo. Punje nzima ya kitunguu saumu haina harufu kali. Harufu huja inapopondwa, kwa sababu kuponda ndiko kunakokutanisha kiambata fulani na kimeng'enya kilichokuwa kimetengwa nacho ndani ya punje, na katika kukutana huko hutokea alisini, ambayo ndiyo yenye ukali tunaoujua. Ukiitumbukiza punje nzima katika maji yanayochemka, joto hukiharibu kimeng'enya kabla hakijafanya kazi yake. Watu wawili wanaweza basi kusema kwa uaminifu kwamba wametumia kitunguu saumu, mmoja akiwa amekiponda na kukiacha kidogo, mwingine akiwa amekichemsha kizima, na kwa hakika wametumia dawa mbili tofauti.

Mfano mkubwa zaidi wa jambo hili umetoka China, na unastahili kusimuliwa wote kwa sababu kwetu husimuliwa nusu. Katika karne ya 4, tabibu aitwaye Ge Hong aliandika namna ya kutibu homa za vipindi: chukua konzi moja ya mmea uitwao qinghao, ambao kwetu huitwa artemisia, iloweke katika vipimo viwili vya maji, ikamue, unywe maji yake yote. Konzi moja, kama kwetu. Zaidi ya miaka 1,500 baadaye, mwaka 1967, serikali ya China ilianzisha mpango wa siri wa kutafuta dawa ya malaria, na mwanasayansi Tu Youyou akakabidhiwa kazi ya kuchunguza dawa za jadi. Qinghao ilimsumbua: jaribio moja lilitoa matumaini, linalofuata likayafuta. Aliporudi kuyasoma maandishi ya Ge Hong aligundua kwamba hakuna mahali yanapotaja kuchemsha. Huenda joto ndilo lililokuwa likiiharibu dawa. Akabadili njia, akatumia etha, kimiminika kinachochemka kwenye nyuzi joto 35 hivi tu, na mwaka 1971 dondoo aliyoipata ikasafisha vimelea vyote vya malaria katika panya wa maabara. Kiambata hicho ndicho artemisinini, na mwaka 2015 kilimpatia Tuzo ya Nobel.

Hadithi hiyo hutajwa sana kama ushahidi kwamba mitishamba hutibu, na ushahidi huo ni wa kweli. Nusu yake ya pili ni kwamba artemisinini haiyeyuki vizuri katika maji, kwa hiyo chai ya majani hayo hutoa kiasi kidogo, tena kisichotabirika. Aidha, haikai mwilini. Baada ya saa chache huwa imekwisha. Hospitalini huunganishwa na dawa nyingine inayobaki kwenye damu kwa siku kadhaa kumalizia vimelea vilivyosalia, na ndiyo asili ya jina dawa mseto, ambayo humezwa mara sita katika siku tatu. Anayekunywa chai ya artemisia anaweza kupata nafuu kwa kuwa vimelea vimepungua, kisha homa ikamrudia, na vile vilivyosalimika vikawa vimepata nafasi ya kuizoea dawa ambayo eneo zima linaitegemea. Shirika la Afya Duniani halipendekezi chai hiyo kwa malaria, na sababu yake si dharau kwa mmea, kwani dawa linayoipendekeza lenyewe imetokana na mmea huo huo.

Pale mitishamba inapofanya kazi yake vizuri

Maradhi mengi ya kila siku huisha yenyewe. Mafua huisha ndani ya wiki moja au siku kumi, umeme ukikatika au usikatike, ukinywa kitu au usinywe. Mtu huanza kutafuta dawa siku ya nne au ya tano, anapokuwa amechoka kabisa, na siku ya nane akiamka mzima sifa zote zinakwenda kwa sufuria. Hii ni sababu mojawapo ya kila familia kuwa na dawa yake ya mafua isiyoshindwa, na dawa hizo zote kutofautiana. Haimaanishi kwamba sufuria haina faida. Kumpa mgonjwa nafuu wakati mwili unajiponya ni kazi halali ya dawa, na hapo ndipo mitishamba ya nyumbani ina nafasi yake nzuri kuliko popote.

Asali ndiyo yenye ushahidi mzuri zaidi kwa kikohozi cha kawaida. Majaribio kwa watoto wenye umri wa zaidi ya mwaka mmoja yameonyesha kwamba kijiko kidogo kabla ya kulala hupunguza kukohoa usiku, na wazazi nao wakapata usingizi. Mtoto aliye chini ya mwaka mmoja hapewi asali hata ya kulamba kidoleni, kwa sababu inaweza kuwa na mbegu za bakteria ambazo tumbo lake changa haliwezi kuzizuia zisiote na kutoa sumu inayolegeza misuli, pamoja na ile ya kupumulia. Chemsho la tangawizi na limau halimalizi virusi, ila hulainisha koo na kumfanya mgonjwa anywe maji mengi. Tangawizi ina kazi nyingine iliyochunguzwa vizuri zaidi, nayo ni kutuliza kichefuchefu, hata cha miezi ya mwanzo ya mimba. Kiasi kilichotumika katika majaribio mengi ni karibu gramu moja ya unga wake kwa siku, yaani nusu kijiko cha chai hivi, ikigawanywa mara kadhaa. Mjamzito anayetaka kuitumia kila siku amwambie mkunga wake.

Kujifukiza, au kupiga nyungu kama wengi wanavyosema, kulipata umaarufu mkubwa Tanzania mwaka 2020 wakati wa korona. Mvuke wenye harufu ya mkaratusi au mchaichai humfanya mtu ahisi pua imefunguka, na kwa mafua hiyo ni nafuu ya kweli. Kuua virusi ni jambo jingine: virusi viko ndani ya seli za mwili, na mvuke wenye joto la kuvifikia na kuviua ungekuwa umekwisha kuunguza koo na mapafu. Hatari kubwa zaidi iko kwenye sufuria yenyewe. Maji yaliyotoka kuchemka, blanketi zito, giza, na mtoto asiyetulia ni mchanganyiko mbaya. Kama ni lazima, sufuria ikae sakafuni mahali isipoweza kupinduka, isiwekwe juu ya kigoda wala magotini, na mtoto mdogo asiingizwe kabisa ndani ya blanketi.

Karafuu nayo inatufunza vizuri mipaka ya nafuu. Ukiweka punje moja juu ya jino linalouma na kuiuma taratibu, kwanza utasikia ukali, kisha joto, halafu sehemu ile ya ufizi inaanza kufa ganzi kama baada ya sindano nyepesi. Ganzi hiyo haitoki kwenye imani ya mgonjwa. Sehemu kubwa ya mafuta ya karafuu ni yujenoli, kiambata kinachozuia neva kupeleka taarifa ya maumivu, na madaktari wa meno wenyewe huichanganya na unga wa oksidi ya zinki kutengeneza kizibo cha muda. Watu wa Pemba, ambako mafuta hukamuliwa kwenye makonyo yanayobaki baada ya punje kuchambuliwa, wanajua ilivyo kali ikimwagika kwenye ngozi. Tone la mafuta yasiyozimuliwa huunguza ufizi, na mtoto mdogo aliyekunywa vijiko viwili vya chai vya mafuta hayo anaweza kuharibika ini. Tena, ganzi haizibi tundu. Jino lililooza huendelea kuoza likiwa kimya, na siku likisema tena shavu linakuwa limevimba.

Kwa kuhara, majani machanga ya mpera yana tanini na viambata vingine vinavyopunguza mwendo wa utumbo, na wengi wameyatumia wakaona tofauti. Lakini kinachomuua mtoto anayeharisha ni kupungukiwa maji na chumvi, ambavyo jani la mpera halirudishi. Ikiwa hakuna pakiti za maji ya chumvichumvi, lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari vilivyosawazishwa na nusu kijiko cha chai cha chumvi ndiyo dawa yenyewe, na hapo vipimo havikadiriwi kwa mkono, kwa kuwa chumvi ikizidi inadhuru. Majani ya mpera yanaweza kusindikiza, yasitangulie. Kuhusu kuungua kidogo kwenye kidole, utomvu mwororo wa ndani ya jani la mshubiri hutuliza, baada ya kidole kukaa chini ya maji yanayotiririka kwa dakika 20. Maji ya njano yanayotoka chini ya ganda la jani hilo yasinywewe, maana ni dawa kali ya kuharisha.

Homa si ugonjwa mmoja

Ugumu mkubwa wa tiba ya nyumbani hauko kwenye majani. Uko kwenye kujua kwamba ugonjwa ni wa kawaida kabla hujaanza kuutibu kama wa kawaida. Kiswahili hutumia neno homa kwa joto la mwili, na katika mazungumzo ya kila siku neno hilo hilo huwa ni malaria, mafua makali, au uchovu wowote unaomlaza mtu. Mwarobaini ukimponya mmoja homa, yaani mafua yaliyokuwa yanaondoka, sifa yake inahamia kwenye homa ya mwingine, ambayo ni malaria au homa ya mapafu.

Mwarobaini umepata sifa ya kutibu malaria kwa sababu nyingine pia, nayo ni uchungu. Kwa vizazi kadhaa dawa za malaria zilikuwa chungu: kwinini ya magome ya mti uliotoka Amerika Kusini, na ambao Wajerumani waliupanda hata Amani katika milima ya Usambara mwanzoni mwa karne ya 20, kisha klorokwini, ambayo kila mtoto wa zamani anaikumbuka kwa kuitapika. Ikajengeka hoja kwamba kilicho kichungu kinatibu malaria. Ni kweli kwamba viambata kadhaa vya mwarobaini huua vimelea vya malaria ndani ya vyombo vya maabara. Kutoka kwenye chombo mpaka kwenye damu ya mtu, kwa kiasi kinachotosha na kukaa muda unaotosha, ni safari ndefu ambayo kikombe cha majani hakijaonyeshwa kuifikisha. Kipimo cha haraka cha malaria huchukua tone moja la damu ya kidole na dakika kama 15, na hakuna ladha ya jani inayoweza kuchukua nafasi yake.

Zamani mtoto mwenye homa aliyeanza kukakamaa alisemekana kuwa na degedege, ugonjwa uliohusishwa na mashetani, na wengi waliamini kwamba hospitali haiuwezi, hivyo akafukizwa na kuogeshwa dawa kwanza. Wengi wa watoto hao walikuwa na malaria iliyopanda kichwani, na muda ulioliwa na mafusho ndio uliokuwa muda wao wa kupona. Imani hiyo imepungua bila kwisha. Kwa hiyo zipo dalili zinazoifunga sufuria papo hapo: degedege, mgonjwa kushindwa kunywa au kutapika kila kitu, usingizi usioamshika, damu kwenye choo, shingo kukakamaa. Kwa mtoto anayekohoa, mtu yeyote mwenye saa anaweza kuhesabu pumzi zake akiwa ametulia. Pumzi 50 au zaidi kwa dakika kwa mwenye miezi miwili hadi 11, au 40 na zaidi kwa mwenye mwaka mmoja hadi mitano, si kikohozi cha asali na limau. Mtu mzima aliyekohoa wiki mbili anahitaji kupimwa kifua kikuu.

Mti upi hasa?

Majina yetu ya mimea yana sumu yake. Kivumbasi cha kijiji kimoja ni mrehani wa kijiji kingine, na hapo madhara ni madogo, kwa sababu yote ni ya jamii moja na huchomwa tu kufukuza mbu. Mwarobaini ni habari tofauti. Mti huu, uliotoka upande wa India na kupewa jina la magonjwa arobaini ambayo hakuna anayeyataja yote, una ndugu anayefanana naye na kupandwa hapa hapa kwa kivuli, uitwao mmelia, ambao matunda yake yana sumu kwa watu na kwa mifugo. Anayechuma kwa haraka jioni anaweza kuchuma pasipo.

Kuvitofautisha si kazi ngumu mtu akisogea karibu. Jani la mwarobaini ni kikonyo kimoja kirefu chenye vijani pande mbili, kila kijani kimepinda kidogo kama mundu na kingo zake zina meno kama ya msumeno. Kwa mmelia, kikonyo kikuu hutoa vikonyo vidogo ambavyo navyo ndivyo vinavyobeba vijani, kwa hiyo jani zima huwa pana na lenye matawi. Maua ya mwarobaini ni meupe. Ya mmelia yana rangi ya zambarau hafifu. Matunda ya mmelia ni ya mviringo, hugeuka manjano na kuning'inia mtini hata majani yakipukutika.

Mbarika nao hutajwa pamoja na hayo. Mafuta yake yanayouzwa madukani kwa kulainisha choo hayana ile sumu kali ambayo hubaki kwenye makapi ya mbegu, lakini mbegu chache zilizotafunwa zinaweza kuua. Sioni sababu ya mtu yeyote kujikamulia nyumbani.

Jagi na vidonge

Dhana kwamba kitu cha asili hakina madhara huanguka haraka zaidi pale mtu anapotumia mitishamba pamoja na dawa za hospitali. Choya, ambayo wengi huinywa kama juisi, imeonyeshwa katika majaribio kushusha shinikizo la damu kidogo. Kwa mtu mzima mwenye afya hilo si tatizo. Kwa mzee anayemeza vidonge vya presha, anayeambiwa na jirani anywe jagi zima asubuhi na jioni, mashusho mawili yanajumlishana, na kizunguzungu cha kusimama ghafla kinaweza kumwangusha. Kitunguu saumu kwa wingi hupunguza uwezo wa damu kuganda, jambo linalomhusu anayetumia dawa za kuyeyusha damu na anayesubiri upasuaji; na watafiti nchini Marekani waliwahi kuona vidonge vya kitunguu saumu vikipunguza kwa takriban nusu kiwango cha sakwinaviri, dawa ya virusi vya UKIMWI, kwenye damu. Kinachowekwa kwenye mchuzi hakifikii kiasi hicho. Kinachotwangwa kwa makusudi ya tiba kinaweza kukifikia.

Mafuta ya mbegu za mwarobaini wasipewe watoto wachanga kwa hali yoyote. Imeandikwa katika maandiko ya tiba kwamba watoto waliopewa kiasi kidogo tu walianza kutapika, kusinzia, kupumua haraka na kupata degedege ndani ya saa chache, na baadhi yao wakafariki. Majani na mafuta ya mti huo yameonyesha pia kuzuia au kuharibu mimba katika wanyama, kwa hiyo mjamzito hana biashara na mwarobaini, wala na maji ya njano ya mshubiri.

Kisha kuna hatari isiyotokana na mmea wowote, nayo ni ya kuacha dawa. Mwaka 2011 maelfu kwa maelfu ya watu walifuata kikombe cha Mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile katika kijiji cha Samunge, Loliondo, kilichotolewa kwa shilingi 500 kutokana na mti wa mugariga. Foleni ya magari ilifika kilomita nyingi. Baadhi ya wenye kisukari na wenye VVU waliweka vidonge vyao kando wakiamini wamepona, na mwili haukuhitaji sumu yoyote ili kuzorota. Ulihitaji tu kukosa kile ulichokuwa ukikipata kila siku. Kanuni ninayoishika nyumbani kwangu ni hii: anayetaka kunywa mitishamba juu ya dawa ya maradhi ya kudumu aulize kwanza, na anayeambiwa aache dawa ili mitishamba ifanye kazi aondoke hapo.

Unga uliofungwa kwenye makopo na kuuzwa kwa kipaza sauti stendi ni jambo la namna nyingine. Tanzania ina Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 pamoja na baraza linalosajili waganga na dawa zao, na mnunuzi ana haki ya kuuliza namba ya usajili. Sababu ya kuuliza ni kwamba wakaguzi wa nchi mbalimbali wamewahi kukuta ndani ya dawa zinazoitwa za asili vidonge vya viwandani vilivyosagwa: vya maumivu, vya nguvu za kiume, vya kupunguza uvimbe. Dawa ya mgongo inayoondoa maumivu ya miaka kumi ndani ya saa moja inastahili kutiliwa shaka kwa sababu hiyo hiyo ya kufanya kazi vizuri mno. Jani ulilolichuma mwenyewe uani angalau unalijua ni jani.

Muuguzi anapouliza unatumia dawa gani, wengi hujibu hakuna, kwa kuwa kichwani mwao jagi la choya si dawa, au kwa kuogopa kufokewa. Litajwe, pamoja na siku lilipoanza kunywewa. Na ikitokea mtu ametapika sana, amesinzia kusiko kwa kawaida au amebadilika macho baada ya kunywa kitu cha nyumbani, asitapishwe kwa nguvu wala asinyweshwe maziwa kwa kudhani yatavunja sumu. Apelekwe hospitali mara moja, na anayemsindikiza abebe tawi la mti uliochumwa, lenye majani na tunda kama lipo, pamoja na jagi lenyewe bila kulimwaga. Konzi ambayo jikoni hakuna aliyeipima, wahudumu watalazimika kuikadiria kwa kuangalia majani yaliyobaki chini ya jagi.